Mnara Mpya wa Kale

Siku ambayo Mtukufu Philibert alizindua gofu lake, mama alinikaza kamba za gauni mpaka nikaona nyota mchana.

"Vuta pumzi," aliniambia.

"Nikivuta nitapasuka."

"Utapasuka kesho. Leo unachumbiwa."

"Na nani kasema nimekubali?"

"Tilli, mwanangu, hakuna aliyekuuliza." Alinigeuza kama mtu anayegeuza mkate kuangalia kama umeiva chini. "Gebhard ni mpwa wa mtawala. Ana afya, ana farasi, ana meno yote. Binti wa miaka ishirini na mitano anayelala chini ya paa linalovuja anataka nini zaidi?"

Meno alikuwa nayo, sikatai. Aliyaonyesha muda wote kama farasi mnadani. Lakini tangu nimjue Gebhard, hakuwahi kutamka neno lililonifanya nigeuze kichwa. Akisema "hali ya hewa nzuri," basi hiyo ndiyo hotuba yake ya siku, na jioni huongeza "japo upepo upo."

Kwa asiyekuwepo miaka ile, nieleze kidogo habari za hilo gofu, maana upuuzi mkubwa namna ile si haki usahaulike.

Marienlust yetu ilikuwa nchi ndogo kiasi kwamba jogoo akiwika kasrini, waliomsikia wengine walikuwa raia wa mtawala mwingine. Mtukufu Philibert alikwenda kumtembelea binamu yake kaskazini, akakuta katika bustani ya kasri ngome iliyobomoka, mimea imetambaa ukutani, na wageni wamesimama mbele yake wakishusha pumzi kwa huzuni. Akauliza ni vita gani viliibomoa. Akaambiwa hakuna vita. Imejengwa hivyo hivyo, ikiwa imebomoka, mwaka juzi tu.

Alirudi nyumbani akiwa mgonjwa wa wivu. "Kila mtawala mwenye adabu zake ana gofu," aliwalalamikia watumishi. "Mimi nina bata tu."

Gofu la kwanza lilikuwa la mbao na turubai, likapakwa lipu na kuchorwa mawe kwa brashi. Mvua za vuli zikanyesha, rangi ikachuruzika, mnara ukachunika kama kiazi cha kuchemsha. Ng'ombe wa mchungaji wa kanisa walikuwa wakija kujikuna hapo mpaka ukalala chini. La pili likajengwa kwa matofali. Likatoka zuri mno, jipya mno. Basi Mtukufu akaamuru ile mizinga yake ya saluti ilipige, lifanane na kitu kilichozingirwa na maadui. Walipiga asubuhi nzima. Walimuua tausi. Walivunja dirisha la jikoni. Risasi iliyolipata gofu ililipata vizuri kupita kiasi, ukuta wote ukaingia bwawani, na samaki wakakosa pa kuishi.

Kwa la tatu wakamwita Valentin Hufnagel. Na hapo ndipo kicheko changu kiliishia, kwa sababu Valentin Hufnagel ndiye mwanamume niliyempenda.

Alikuja kwetu Dornfels miaka mitatu kabla ya hapo, mjenzi kijana asiye na kazi, kuchora ngome yetu. Ngome yetu ilikuwa gofu la kweli. Lilikuwa kilimani juu ya nyumba tunayoishi. Babu yangu alizaliwa humo kabla paa halijaanguka, na baba yangu alinifundisha kusoma nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha kanisa dogo la ngome hiyo. Valentin alipima kila ukuta. Mimi nilimshikia ncha ya pili ya kamba. Kiangazi kizima tulikuwa hivyo, yeye mwisho huu, mimi mwisho ule, na kila siku kamba ikawa fupi zaidi, mpaka siku moja tukawa tumesimama mlangoni mwa kanisa, kamba iko chini, na mikono yake yenye harufu ya chokaa iko mashavuni mwangu.

Alipokwenda kuniomba kwa mama, mama alilitamka jina lake kama mtu anayetema mbegu. "Hufnagel. Msumari wa kwato. Baba yako anafanya nini, kijana?"

"Anatengeneza bia mjini, bibi."

"Basi nenda ukamsaidie kukoroga."

Aliondoka akiwa mwekundu mpaka shingoni. Langoni aliniambia, "Nitarudi nikiwa na jina, Tilli. Nisubiri." Nikasubiri. Kisha masika iliyopita nikaamka kwa mlio wa magurudumu, nikafungua dirisha, nikaona mikokoteni ya maksai ikishuka kilimani imebeba mawe. Nilipanda mbio, viatu mkononi. Nusu ya mnara ilikuwa imeshaondoka. Nikamuuliza msimamizi, nani amewatuma? Akavua kofia, akasema kwa heshima zote, "Bwana Hufnagel, mjenzi wa Mtukufu."

Mama aliniambia kuwa amri ilitoka juu, na mtawala akitaka mawe hakuna wa kumzuia. Niliacha kulia baada ya wiki. Baada ya hapo nilianza kumdharau mtu yule, na dharau ni kazi nzuri, humshughulisha mtu kutwa.

Basi ikafika siku hiyo ya uzinduzi. Bustani ilijaa wigi na miavuli. Na pale, kando ya bwawa, ulisimama mnara wetu. Niliutambua kama mtu anavyomtambua nduguye hata akivalishwa nguo za mchekeshaji. Walikuwa wameupasua kwa ustadi upande mmoja, wakaupandikiza kuvu za kijani zilizoletwa kwa vikapu, wakamfunga bundi aliyekaushwa kwenye ufa. Mlangoni alikaa mtawa wa kukodi, mpiga ngoma mstaafu wa kasri, ambaye kazi yake ilikuwa kuwa na ndevu na kuonekana anawaza kifo. Alikuwa anakula soseji.

"Unawaza kifo?" nilimuuliza.

"Nikimaliza kula, binti," alijibu.

Mama alikuwa amenaswa na wake wa wakubwa, nikapenya ndani peke yangu. Na ndani, enyi watu, hakukuwa na gofu hata kidogo. Nje mnara umebomoka, ndani kuna sebule ya kunywea kahawa: viti vya hariri, vioo, dari lililochorwa malaika wanene. Mtu alikuwa amechuchumaa mbele ya meko, mgongo kwangu, anasukuma kuni. Niliujua mgongo ule kabla akili haijalijua jina.

Aligeuka. Alikuwa amekonda. Koti zuri, macho yale yale ya kijivu, na kwenye kidole gumba kovu lile alilolipata Dornfels akichonga penseli huku ananiangalia mimi. Moyo wangu uliruka, na nikauchukia kwa kuruka.

"Tilli."

"Binti Ottilie von Dornfels," nilimsahihisha. "Wa Dornfels iliyokuwepo. Hongera, Bwana Hufnagel. Ni kazi nzuri. Umeuchukua mnara uliosimama miaka mia nne kwa heshima yake, ukaufanya ombaomba wa bustanini."

"Nilitaka kukueleza."

"Eleza. Wageni wanakunywa divai, tuna nafasi."

Alisimama, akapangusa masizi mikononi. "Sikuuiba. Mtukufu aliniagiza nitafute mawe ya kale. Nikasema mawe ya kale yako Dornfels, lakini hayo siyagusi bila ruhusa ya wenyewe. Nikaenda kwa mama yako."

"Mama?"

"Akauza. Alitia sahihi siku ile ile. Nikamwuliza, Binti Ottilie anasemaje? Akaniambia wewe ndiye uliyetaka. Kwamba unaolewa na Bwana Gebhard, na hutaki tena kuliona lile rundo linalokukumbusha mambo ya kitoto." "Alisema ulicheka, Tilli. Kwamba ulilitaja jina langu na ukacheka."

Kwa hiyo amri haikutoka juu. Ilitoka mezani petu, kwenye chai. Mama alikuwa amenitazama nikilia wiki nzima na kunipa leso.

Kama hadithi hii ingekuwa ya watu wengine, hapo ndipo tungekumbatiana, lawama zote zikamwangukia mama. Na Valentin naye alidhani hivyo, maana alinyoosha mkono. Lakini nilipoutazama mkono ule hasira ilinipanda upya, na safari hii ilijua njia.

"Ukamwamini," nilisema.

"Ningefanya nini?"

"Kila jiwe la Dornfels ulilipima mara mbili. Nilikushikia kamba nikiwa nimechoka, ukasema 'mara moja tena, Tilli, nisije nikakosea.' Lakini habari yangu mimi uliipokea kutoka mdomo wa mtu aliyekufukuza, wala hukuipima hata mara moja. Nyumba yetu iko chini ya kile kilima, Valentin. Ungepiga mlango."

Uso wake ulibadilika pole pole, kama mtu anayesikia kitu kikianguka chumba cha pili na kujua ni kitu gani.

"Niliumia," alisema mwishowe.

"Ukaumia ukiwa na mshahara wa kasri."

"Nilifanya hivi nipate jina! Leo Mtukufu ananipa cheo. Nikishakuwa na 'von' ya kiungwana mbele ya jina, nilikuwa nije... hata kama ungenicheka, nilikuwa nije nisimame mbele ya mama yako niombe mara ya pili. Na angalia." Alinishika kiwiko kabla sijakataa, akanigeuza kuelekea mekoni. "Si kila kitu nilikiweka nje wakakichezea. Hiki nilikitunza."

Nikaangalia. Tao la mawe lililozunguka moto lilikuwa mlango wa kanisa letu. Kizingiti changu cha kusomea. Mlango tuliosimama ile siku.

"Nilitaka mlango ule uwe mahali penye joto," alisema kwa upole kabisa, na mtu mjinga zaidi kuliko Valentin Hufnagel wakati ule sijawahi kumwona.

"Umechukua mlango wa kanisa," nikasema taratibu, "ukaufanya meko ya Gebhard kupashia makalio."

Alifumba macho. Mdomo wake ulitetemeka, sikujua kama ni kicheko au kilio, na sikukaa kujua, kwa sababu nje tarumbeta zililia na mama akaita jina langu kwa ile sauti yake ya mbele za watu, tamu kama jamu.

Mtukufu Philibert alipanda kwenye jukwaa lililofunikwa zulia. Alikuwa mtu mfupi mwenye wigi refu. Alinyoosha mkono kuuelekeza mnara.

"Rafiki zangu! Hapa, katika nyakati za giza, babu yangu shujaa Kunibert alizingirwa na maadui wasiohesabika. Alipigana peke yake. Mshale ulimpata kifuani. Na mkewe, Irmengard mwaminifu, alipoona mumewe ameanguka, alijirusha kutoka kwenye dirisha lile!"

Wote wakatazama dirisha. Lilikuwa dirisha la ngazi, jembamba. Bata mnene asingepita. Lakini mabibi wakatoa leso. Bibi mmoja mzee aliyekaa mbele, mjane wa jenerali, alilia mpaka poda ikafanya mifereji. Na Mtukufu mwenyewe alikuwa akilia. Machozi yake yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililonichukiza kuliko yote: mtu ametunga uongo kwa kifungua kinywa, mchana tayari unamliza.

"Na mtumishi wangu aliyeyatunza mabaki haya matakatifu," aliendelea, "sogea hapa, Hufnagel. Kuanzia leo utaitwa von Hufnagel, Mjenzi Mkuu wa Marienlust."

Watu wakapiga makofi. "Von Msumari," mama alinong'ona. "Wataanza kuwapa vyeo hata mbuzi."

Valentin alipiga goti, akapokea mnyororo shingoni. Aliposimama macho yake yalinitafuta. Hayakuwa macho ya mtu aliyepata alichokitaka.

Kisha Gebhard akasukumwa mbele. Alikuwa amevaa kofia yenye manyoya kama ya huyo Kunibert wao, na aliinamisha kichwa kwa tahadhari isianguke.

"Binti Ottilie," alianza. "Hali ya hewa ni nzuri." Aliiweka kofia sawa. Mjomba wake akakohoa. "Na katika mahali hapa, ambapo damu ya wazee wangu... ambapo Irmengard... yaani, ninakuomba uwe mke wangu."

Bustani nzima ilinigeukia. Mama alinibana kiganja.

"Asante, Bwana Gebhard," nikasema kwa sauti ya kusikika. "Nitakujibu. Ila kabla msichana hajaingia kwenye ukoo ni vizuri aujue. Huyu Kunibert alikufa kwenye mnara huu?"

"Huu huu," alisema Gebhard.

"Mjenzi yupo. Tumwulize mnara huu ulikuwa wapi mwaka jana."

Mtukufu alitabasamu, lakini macho yake yalimgeukia Valentin kama mlango unaofungwa. "Mwambie, von Hufnagel," alisema polepole. "Mwambie binti umri wa mnara wangu."

Nilijua nilichokuwa namwomba. Jina lilikuwa limekaa shingoni kwake, bado halijapata hata joto la ngozi. Neno moja la uongo, na mlango wa mama ungekuwa wazi kwake. Na niseme kweli: nilitaka adanganye. Nilitaka adanganye mbele yangu, nimdharau kwa amani maisha yangu yote, nisiwe tena na kazi ya kuamka asubuhi na kujiuliza.

Alinitazama muda mrefu. Akamgeukia mtawala.

"Mtukufu, mnara huu haujawahi kuzingirwa na yeyote isipokuwa mimi. Nilianza kuujenga masika iliyopita. Mawe yake ni ya Dornfels, kilima kile pale. Ni nyumba ya wazee wa Binti Ottilie. Niliibomoa mimi, kwa mikono hii, na ningepiga mlango mmoja tu kuuliza, nisingeibomoa."

"Hufnagel ana homa," alisema Mtukufu.

"Sina homa, Mtukufu."

Mjane wa jenerali alishusha leso. "Kwa hiyo hakuna aliyejirusha?"

"Hakuna, bibi."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, bibi. Nisamehe."

"Basi nimelia bure," alisema kwa uchungu mkubwa, akaomba divai.

Kuna mtu nyuma alicheka. Kicheko kikatambaa kutoka mwavuli hadi mwavuli. Mtukufu Philibert alishuka jukwaani akiwa mweupe kuliko poda yake, akauvuta ule mnyororo, akamvua Valentin kwa kuupitisha kichwani kwa nguvu mpaka ukamchubua sikio. "Hufnagel," alisema. "Hufnagel tupu. Kabla keki haijakatwa uwe nje ya bustani yangu, na katika nchi yangu hutajenga hata banda la kuku."

Valentin aliinama kwa heshima, akaanza kutembea.

Gebhard alikuwa bado amesimama mbele yangu, kofia mkononi. Nilimhurumia kidogo, kwa mara ya kwanza. "Kwa hiyo," aliuliza, "jibu ni...?"

"Jibu ni hapana, Gebhard."

"Lakini mjomba ameshaagiza bendi."

"Chezeni tu. Hali ya hewa ni nzuri."

Mama alinifikia kabla sijamaliza hatua chache. Hakupaza sauti, mama yangu akikasirika kweli sauti huenda chini. "Unakwenda wapi?"

"Uliniambia ni amri ya mtawala, mama. Ukanipa na leso."

Aliyumba kidogo, lakini kidevu hakikushuka. "Paa lilikuwa linavuja, na bado linavuja. Nilifanya nilichoweza kwa nilichokuwa nacho. Mawe, Tilli! Ni mawe yasiyolaliwa na mtu."

"Ungenieleza hivyo, huenda ningekubali. Uliuza mnara bila kuniuliza, ukataka kunitoa mimi bila kuniuliza. Tofauti ni kwamba mimi nina miguu."

"Ukitoka kwenye lango lile nyuma ya mtoto wa mpika bia, usiniite mama."

Iliniuma. Nisidanganye, iliniuma mpaka leo nikiandika mkono unakuwa mzito. Alikuwa na rangi ya jivu chini ya ile poda, na ua la bandia kofiani lilikuwa linatetemeka. Nilimbusu shavuni. Hakunibusu, ila hakujitoa.

Nilimfikia Valentin nje ya lango, chini ya ile mistari ya miti iliyopandwa kwa rula. Aliposikia viatu vyangu alisimama, uso ukamng'aa, akanyoosha mkono.

"Ushushe huo," nikamwambia.

Akaushusha.

"Sijakuja kukusamehe. Ulichosema pale kilikuwa kweli, na kweli haimrudishi mtu mnara wake."

"Najua."

"Bado nakudharau."

"Najua, Tilli. Lakini umekuja."

"Nilikuwa nashuka njia hii hata hivyo."

"Njia hii inakwenda mjini tu."

"Basi nakwenda mjini. Ni barabara ya watu wote, hukuijenga wewe."

Tulitembea kila mtu upande wake, katikati yetu alama za magurudumu ya gari la farasi. Sikio lake lilikuwa linatoka damu. Nilivumilia mpaka kwenye daraja, kisha nikampa leso yangu bila kumtazama. Aliishika kana kwamba nimempa kitu kinachoweza kuvunjika. Nilitaka kumpiga na nilitaka kuegemea bega lake, na kwa kuwa sikuweza kufanya yote mawili, sikufanya hata moja.

Kiwanda cha bia cha mzee Hufnagel kilikuwa mwisho wa mtaa wa watengeneza mapipa. Mzee mwenyewe alikuwa mlangoni, mikono ya shati imekunjwa, mwiko mrefu wa kukorogea kimea begani. Alimtazama mwanawe, sikio, leso. Kisha akanitazama mimi, kuanzia kwenye hariri kushuka mpaka kwenye matope.

"Huyu ni wa kilimani," alimwambia mwanawe, kana kwamba sipo. "Wale wenye pua ndefu. Mama yake alikutuma uje unisaidie kukoroga."

"Baba..."

"Sikuuliza kitu. Miaka mitatu nimekwambia achana na watu wale. Hukusikia. Haya, na leo umefukuzwa, inaonekana sikioni."

Valentin alifungua mdomo kunitetea, nikamtangulia.

"Mzee Hufnagel, mimi ni Ottilie. Ni kweli amefukuzwa, na chanzo ni mimi, ingawa alistahili. Mama yangu hanitaki. Sijaamua kama nitaolewa na mwanao. Kwa sasa namwona mpumbavu. Na tangu asubuhi sijala, kwa sababu gauni hili halina nafasi ya chakula. Je, kuna supu?"

Mzee alinikazia macho. Ana macho yale yale ya kijivu. Kitu kilicheza kidogo pembeni ya sharubu zake.

"Mpumbavu?" aliuliza.

"Mkubwa."

"Hapo angalau tunaelewana." Alipisha mlangoni. "Supu ya dengu ipo, na mkate. Kaa benchi lile. Na wewe, Mjenzi Mkuu, unashangaa nini? Mapipa yale hayajibebi."

Nikakaa. Nikalegeza kamba za gauni hapo hapo mbele ya watu, nikavuta pumzi mpaka mwisho, nikala. Valentin alivua koti lake zuri, akalitundika msumarini, akaanza kubeba. Nilimtazama akienda na kurudi mpaka shati likamganda mgongoni, wala sikumwambia apumzike. Lakini alipopita tena karibu yangu, bila kuinua macho kutoka kwenye bakuli, nilijisogeza hadi mwisho wa benchi, nafasi ya mtu mmoja ikabaki wazi.